Simu ya 988 ifike karibu, mpigaji asifuatiliwe: barua ya wazi

Kwa Makamishna wa Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano (FCC). Kwa viongozi wa SAMHSA, wakala wa afya ya akili mnaoisimamia laini ya 988, namba ya simu ya msaada kwa watu wanaofikiria kujiua au walio katika dhiki ya akili. Na kwa wajumbe wa Bunge la Marekani.

Waheshimiwa,

Mimi ni mkalimani wa simu. Kazi yangu ni kukaa katikati ya watu wawili wasioonana, mmoja wa Kiswahili na mwingine wa Kiingereza, na kutia mdomo wangu pasipo kutia neno langu. Leo naomba niseme langu.

Ombi lenyewe nalitaja mapema tusizungushane. Simu ya mtu aliye katika dhiki ifike kituo kilicho karibu naye. Lakini mahali hasa alipo, mtaa na mlango, pabaki siri yake mpaka apataje mwenyewe, au mpaka uhai wake uwe unaponyoka mshauri akiwa bado naye kwenye simu. Jambo la kwanza mmelianza vizuri. La pili limo katika kanuni zenu za leo, ila halijashikizwa mahali pa kudumu, na wapigaji hakuna aliyewaambia kwamba lipo.

Kabla ya 988 kulikuwa na namba ndefu ya bure, iliyoanza mwaka 2005. Mtu aliyetulia angeweza kuikariri, aliyechanganyikiwa, hapana. Sheria ya kuweka tarakimu tatu badala yake ilitiwa saini tarehe 17 Oktoba 2020, na tarehe 16 Julai 2022 namba ikaanza kufanya kazi nchi nzima, ikiwa na vituo zaidi ya 200 vya kupokea. Kasoro ilikuwa kwenye kuchagua kituo: mtambo uliangalia tarakimu za mwanzo za namba ya mpigaji, haukuangalia alipo. Enzi za simu ya mezani hilo lisingekuwa tatizo, kwa kuwa namba na nyumba vilikuwa kitu kimoja. Simu ya mkononi imeyatenganisha hayo siku nyingi.

Katika jamii yetu jambo hili ni la kila siku. Familia inatoka kambi ya wakimbizi, inapokelewa Texas, inapata laini yake ya kwanza huko. Baada ya muda baba anasikia kuna kiwanda cha nyama Iowa, wanafunga mizigo wanahama. Namba haibadilishwi, maana ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi za uhamiaji, ndiyo shule inayo, na ndiyo wanayoijua ndugu waliobaki kambini. Basi baba huyo alipopiga 988 saa nane usiku akiwa Iowa, simu ilipokelewa Texas. Mshauri aliyemsikiliza huenda alikuwa hodari na mwenye huruma, lakini hakuijua kliniki ya mji ule, wala timu ya kumfuata nyumbani, wala kitanda kilichokuwa wazi.

Kuna na upande wa fedha, ambao watu hawauzungumzii sana. Sheria ya 2020 iliruhusu majimbo kutoza ada ndogo kwenye bili za simu kugharimia 988. Washington imefikisha senti 40 kwa mwezi kwa kila laini. Mtu wa Seattle mwenye namba ya Ohio alikuwa akichangia vituo vya Washington kila mwezi, na siku aliyovihitaji simu yake ikaenda Ohio.

Nawashukuru kwa kulirekebisha hilo. Tarehe 17 Oktoba 2024, miaka minne kamili tangu sheria ile isainiwe, FCC mlizitaka kampuni za simu za mkononi zipeleke simu za 988 kulingana na eneo alipo mpigaji. Kampuni kubwa za kitaifa zilipewa siku 30 tangu kanuni zianze kutumika, ndogo zikapewa miezi 24. Mwaka 2025 mkaongeza ujumbe mfupi. Tena mlikuwa waangalifu, na hili nalisema bila kuwapamba: kanuni inataka kampuni ichukue eneo la mnara ulioipokea simu, ilitanue, kwa mfano mpaka lifike ukubwa wa kaunti, kisha itoe eneo hilo pana peke yake ili lichague kituo. Mnara wenyewe hautajwi. Simu haielezwi iko nyumba gani. Linganisheni na 911, namba ya kuita polisi, zimamoto au gari la wagonjwa, ambako kanuni zenu zinadai simu ya mkononi ionekane ndani ya mita 50 kwa simu 80 kati ya kila 100, na hata ghorofa ikadiriwe ndani ya mita tatu. Pale gari la wagonjwa linatafuta mlango. Hapa mtu anatafuta mtu wa kuongea naye.

Yapo yaliyobaki, nayapitia haraka. Kampuni ndogo za simu ndizo hasa zinazohudumia vijijini, na vijijini ndiko kituo cha karibu kinakuwa na maana zaidi, kwa hiyo muda wao usiongezwe. Simu za ofisi, za vyuo na za hospitali zenye makao jimbo moja na matawi jimbo lingine bado zinaweza kuonyesha namba ya makao makuu. Nazo zitazamwe.

Sasa niingie kwenye kiini. Baada ya kila tukio la kusikitisha hujitokeza mtu mwenye nia njema akauliza: kama 911 wanaona mpigaji alipo, kwa nini 988 wasione? Swali hilo litarudi mezani kwenu mara nyingi, na siku moja litakuja likiwa limeandikwa kama muswada. Ningependa mlijibu mkiwa mnaujua upande wa pili wa simu.

Siwezi kusimulia simu ya mtu yeyote; kazi yangu inanikataza na hata isingenikataza nisingefanya. Lakini naweza kueleza dakika za mwanzo zinavyokwenda kwa msemaji wa Kiswahili. Inaanza rekodi ya Kiingereza, kisha kidogo ya Kihispania, halafu muziki. Mshauri anapokea, anagundua lugha haielewi, anamwomba mpigaji asubiri, naye hajui ameombwa nini. Simu inakaa kimya huku mkalimani akitafutwa kwenye huduma yenye lugha zaidi ya 240. Mimi naingia, najitambulisha kwa namba, si kwa jina. Mshauri anauliza kama yuko salama kwa sasa, natafsiri, anajibu. Kisha linakuja swali la pale alipo. Hapo ndipo sauti za watu wetu hubadilika. Aliyekuwa akilia huacha kulia. Aliyekuwa akisema "mimi" huanza kusema "kuna mtu". Wengine huuliza, kwa adabu kabisa, "Samahani dada, hiyo inaenda kwa nani?"

Nami sina jibu la kumpa, kwa sababu si kazi yangu kujibu, na mshauri naye mara nyingi analo jibu refu mno kwa wakati huo.

Msidhani ni hofu ya wageni peke yao. Julai 2022, namba ikiwa haijamaliza hata mwezi, onyo lilizagaa mitandaoni likiwaambia watu wasipige 988 kwa kuwa polisi wangetumwa na wangepelekwa hospitali kwa nguvu. Onyo lile lilitia chumvi, maana takwimu za laini yenyewe zinaonyesha kwamba simu zinazohitaji kuitiwa huduma za dharura hazifiki asilimia 2. Lakini lilienea kwa sababu lilikuta watu ambao tayari walishaona polisi akija kwenye mlango wa mgonjwa wa akili, na walishaona jinsi mambo yanavyoweza kwisha. Huwezi kumbishia mtu wa namna hiyo kwa asilimia.

Na nyinyi FCC, kati ya wote ninaowaandikia, mnajua data za mahali zinakwendaje zikishatoka mkononi. Aprili 2024 mliwatoza kampuni za simu AT&T, Verizon, T-Mobile na Sprint faini ya jumla ya karibu dola milioni 200 kwa kuruhusu mahali walipo wateja wao kuuzwa kwa madalali wa data, na madalali kuwauzia wengine. Kampuni zilikwenda mahakamani, mahakama za rufaa zikatofautiana, hayo tuyaache. Kisa kilichoanzisha yote kimo kwenye nyaraka zenu: sherifu mmoja, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, wa Missouri alikuwa akitafuta watu walipo kupitia huduma iliyokusudiwa kwa magereza. Mfumo ulimtaka apandishe hati ya kisheria inayomruhusu. Akapandisha bima yake ya afya. Siku nyingine bima ya gari. Siku nyingine kurasa za kitabu cha mafunzo ya masherifu. Mfumo ukapokea, ukampa watu walipo. Hakuna aliyefungua hati kuisoma.

Kwa hiyo anaponiambia mtu kwamba ramani ya wapigaji wa 988 italindwa na fomu ya idhini, naifikiria ile bima ya gari.

Wala msiseme huduma za msaada ni za watu wema zisizoweza kuteleza. Januari 2022 ilifichuka kwamba Crisis Text Line, huduma ya ujumbe mfupi kwa watu walio kwenye dhiki, ilikuwa ikiipa kampuni ya programu za huduma kwa wateja data za mazungumzo, majina yakiwa yameondolewa. Kelele zilipopigwa ikaacha ndani ya siku chache. Waliofanya hivyo hawakuwa majambazi. Walikuwa na data na walikuwa na uhaba wa fedha, na hali hiyo inaweza kumkuta yeyote.

Labda mtasema: lakini kaunti si mahali hasa, kaunti haimtambulishi mtu. Kwa wengi ni kweli. Ila kaunti ya Loving, Texas, ilikuwa na wakazi 64 katika sensa ya 2020. Na hata pasipokuwa padogo hivyo, eneo haliji peke yake. Kumbukumbu ya simu inaweza kuwa na kaunti, saa, na lugha iliyoombewa mkalimani. Wekeni pamoja kaunti ya mashambani, Kiswahili, sauti ya mwanamume na saa tisa za usiku baada ya zamu ya kiwanda. Mchungaji wa kanisa letu angemtaja kwa jina kabla hujamaliza sentensi. Kwa hiyo naomba, na hili sijaliona likijadiliwa popote, eneo lililotumika kuchagua kituo na lugha iliyoombwa visikae kwenye jalada moja, na eneo lenyewe lifutwe simu ikishafika. Kazi yake imekwisha hapo. Mnaohesabu takwimu za majimbo mtahesabu bila namba ya mtu.

Kuna na mtu ambaye ukaribu wenyewe ndio unaomtisha. Anajua kituo kiko mjini, anajua mke wa bosi wake hujitolea pale. Huko Uingereza, Samaritans, huduma ya simu ya kuwasikiliza walio katika dhiki, walioanzishwa London na Chad Varah mwaka 1953, wana namba moja ya nchi nzima, na anayepokea haoni namba ya mpigaji. Mfumo wa 988 una sababu nzuri ya kumpeleka mtu karibu, siupingi, lakini anayetaka kusikilizwa na mtu wa mbali apewe tarakimu moja ya kubonyeza. Hivi sasa mtu anaweza kubonyeza 1 kwa ajili ya wanajeshi wa zamani na 2 kwa Kihispania, kwa hiyo mtambo si mgeni wa jambo hilo.

Nije kwenye swali gumu, maana nikilikwepa mtakuwa na haki ya kuitupa barua hii. Mtu amekwisha kujidhuru. Sauti inafifia, hajataja anwani. Mshauri afanyeje?

Leo anafanya hivi: kituo kinaiarifu 911 ya eneo la mpigaji na kuipa namba ya simu, 911 inaiomba kampuni ya simu itafute simu ilipo, na sheria za shirikisho zinairuhusu kampuni kutoa taarifa hiyo pale penye hatari ya kifo. Njia ipo. Ni ndefu, na dakika zinapotea humo. Lakini angalieni zinapopotea. Mshauri wa Texas akibonyeza 911 anaipata 911 ya Texas. Ili kuipata ile ya kaunti ya Iowa ilimbidi aitafute namba yake ya kawaida, akishajua ni kaunti gani. Kupeleka simu kituo cha karibu kunaondoa sehemu hiyo yote. Kituo cha Iowa kinaijua 911 yake, pengine kinawajua hata wapokeaji kwa sauti. Kwa maneno mengine, nusu ya tatizo ambalo watu wanataka litatuliwe kwa kumwonyesha mshauri ramani, mmekwisha kulitatua bila ramani.

Nusu iliyobaki ni ya kurahisisha njia iliyopo. Kila kituo cha 988 kiwe na laini ya moja kwa moja na 911 ya eneo lake. Kila kampuni ya simu iwe na dawati la saa 24 linalojibu maombi ya namna hiyo kwa dakika, si kwa kumsubirisha mtu na muziki. Anayeomba kutafutwa kwa mpigaji awe amemshirikisha msimamizi wake, na sababu iandikwe siku hiyohiyo. Mtu akishakuwa salama aambiwe kwamba alitafutwa, na nani, na kwa nini. Kisha kila mwaka mtoe hesabu hadharani, jimbo kwa jimbo: mara ngapi wapigaji walitafutwa bila ridhaa, mara ngapi waliofika walikuwa timu ya afya, mara ngapi walikuwa polisi. Hesabu hiyo ingetusaidia sote, hata wale wanaonipinga.

Najua itabaki simu moja ambayo hayo yote hayakutosha, na familia moja itakayouliza kwa nini. Sitajifanya nina neno la kuwapa. Ninachojua ni kwamba upande wa pili wa mizani kuna watu ambao hawakupiga kabisa, na hao hawana rekodi, hawana muda wa kusubiri uliopimwa, hawatokei kwenye ripoti yoyote. Trans Lifeline, laini ya watu waliobadili jinsia inayoendeshwa na watu wa jamii hiyohiyo, imejiwekea kanuni ya kutoita polisi bila ridhaa ya mpigaji. Haikuamua hivyo kwa kutojali uhai. Iliwajua wapigaji wake.

Kuhusu nani anayefika mlangoni nitasema kidogo, kwa kuwa ni barua nyingine. Mwongozo wa SAMHSA wa mwaka 2020 ulitaka kuwe na mtu wa kupigiwa, mtu wa kuja, na mahali pa kwenda. Wa kupigiwa mnaye. Pale ambapo wa kuja bado ni askari mwenye bunduki, kumpa mshauri anwani ni kumpa askari anwani. Anayetaka data za mahali zifunguliwe zaidi aanze kwa kugharimia timu za kwenda, kisha tuzungumze.

Wabunge, kwenu nina jambo moja. Ukuta uliopo leo kati ya kupeleka simu na kumtafuta mpigaji umejengwa kwa kanuni ya tume. Tume inaweza kupiga kura siku nyingine na kuubomoa, au kuutoboa kidogo kidogo pasipo mtu kugundua. Uwekeni kwenye sheria: eneo lililotolewa kwa ajili ya 988 lisitumike kwa kazi nyingine yoyote, lisiuzwe, lisihifadhiwe, na asipewe polisi wala ofisa wa uhamiaji pasipo hati ya mahakama. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha sema mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, mtu aliyeshukiwa wizi, kwamba serikali kwa kawaida inahitaji hati ili kupata historia ya mahali simu ya mtu ilipokuwa. Aliyepiga akitafuta msaada asilindwe kidogo kuliko mshukiwa wa wizi.

Hayo yatachukua muda, nafahamu. Kuna moja lisilohitaji muswada wala bajeti, nalo liko mikononi mwa SAMHSA. Kwenye rekodi ya mwanzo, kabla ya muziki, ongezeni sentensi mbili: "Simu yako inapelekwa kituo cha eneo ulilopo. Anayekupokea haoni mahali hasa ulipo." Kisha, mkalimani akishaunganishwa, mshauri aruhusiwe kuzirudia kwanza kabla ya kuuliza lolote, ili nizitafsiri. Nimezipima kwa Kiswahili, hazifiki sekunde kumi. Mnaweza kuanza nazo mwezi huu.

Wenu,
Mkalimani wa simu, Marekani